Kisukari, Mafuta ya Damu na Njia Kuu ya Tabora

Katika karne ya kumi na tisa, njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikakata nyika kavu za Ugogo na misitu ya miyombo hata ikafika Ujiji penye Ziwa Tanganyika, ilikuwa na kituo kimoja kilichovishinda vingine vyote kwa wingi wa watu na mali. Kituo hicho kilikuwa katika nchi ya Unyanyembe, na wasafiri wa zama zile walikiita Kaze. Sisi leo twakiita Tabora. Gongoni, ambako masimulizi haya yataishia, ni kata mojawapo ya mji huo, na mji wenyewe ni urithi wa watu waliokutanishwa na njia ile: Wanyamwezi wenye nchi, Waswahili wa mrima, Waarabu wa Omani, Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa, na Wahindi wenye maduka.

Historia ninayokusudia kuisimulia ni ya maradhi ya kisukari, na hasa ya sehemu yake isiyozungumzwa sana barazani, yaani mafuta yanayozidi katika damu ya mgonjwa na uvimbe unaoila mishipa yake kwa ndani. Watu wengi huamini kwamba kisukari ni jambo la sukari peke yake, ikishuka mgonjwa amepona na ikipanda amepotea. Lakini mtu akizifuata habari za maradhi haya tangu zama za misafara hata leo, huona mambo mawili kwa udhahiri. La kwanza, kila tiba ilipomwokoa mgonjwa katika kifo cha haraka, ilimfikisha mahali ambapo kifo cha polepole, kifo cha moyo na cha mishipa, kilikuwa kikimngoja. La pili, kilichowalinda wazee wetu na kifo hicho hakikuwa kabila lao wala damu yao, bali ni maisha waliyoishi; na maadamu ni maisha, mtu anao uwezo wa kuyatengeneza.

Tuanze na mpagazi. Pembe ya ndovu aliyoichukua begani ilikadiriwa frasila mbili, nazo ni kama kilo 32, na juu ya mzigo huo aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kwa uzito huo alikwenda masafa yanayozidi kilomita 800 baina ya Unyanyembe na pwani, safari ya miezi mitatu hivi kama njia ilikuwa na amani, kisha akageuka akarudi na mizigo ya merikani, shanga na nyaya. Alfajiri kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia, wengine wakajitwika wakafuata, na mara nyingi wake zao walikuwa nyuma na vyombo vya jikoni vichwani. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, na kitoweo kilipatikana siku msafara ulipobahatika mnyama au mkubwa wa msafara alipochinja. Katika Unyamwezi kijana aliona haya kuhesabiwa miongoni mwa wanaume kabla hajaiona bahari na kurudi, kwa hiyo safari hii haikuwa ya watu wachache waliokosa kazi nyingine, bali ilikuwa ada ya nchi.

Mwili unaotumika namna hiyo hauna nafasi ya kuweka akiba ya mafuta. Misuli ifanyayo kazi kutwa huivuta sukari iliyo katika damu bila kudai insulini nyingi, huyachoma mafuta kabla hayajapata makao tumboni na katika ini, na huifanya mishipa ya damu kuwa mipana na laini. Wala sisemi haya ili kuyasifu mashaka ya mpagazi, kwa kuwa wengi walikufa njiani kwa ndui, kwa kuhara, kwa njaa na kwa vita. Nasema ili ijulikane kwamba kati ya maadui wote waliomvizia, huyu wa mafuta ya damu alikuwa na njia nyembamba mno ya kumwingilia.

Upande wa pili wa njia hiyohiyo kulikuwa na maisha mengine. Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kaze wakapokewa na Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu wa kabila la Harithi, kwa ukarimu ambao Burton hakuusahau katika kitabu chake. Alizikuta nyumba za matajiri ni za sakafu moja lakini kubwa na imara, zenye bustani na visima, na wenyewe wakiletewa vitu vya anasa kutoka pwani kwa zamu. Bwana mwenye nyumba aliketi barazani akipokea wageni na kuhesabu pembe. Sinia ya wali na samli ikaletwa, na nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, na asali ya miyombo ambayo nchi ile haijapungukiwa nayo hata leo. Na kazi ya miguu na mikono ikafanywa na wengine. Haki yatuamuru kusema kwamba starehe hiyo ilichukuliwa juu ya migongo ya watu ambao wengi wao hawakuwa huru. Hivyo katika mji mmoja, watu waliokula chumvi moja walikuwa na miili miwili tofauti: mmoja uliotembea na mmoja ulioketi. Historia yote inayofuata ni habari ya mwili wa kwanza kugeuka kidogo kidogo kuwa wa pili.

Maradhi yenyewe hayakuwa mageni kwa ilimu ya watu wa njia ile. Waganga wa kale wa Bara Hindi, katika vitabu vinavyonasibishwa na Charaka na Sushruta, waliueleza mkojo mtamu kama asali unaowavuta sisimizi, na wakaona kwamba aghalabu humpata mtu mnene, mvivu wa kwenda na mpenda vinono. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaandika maradhi haya katika Kanuni yake ya tiba, na akataja kuoza kwa nyama ya mwili kunakoandamana nayo. Ni ajabu yenye mafunzo kwamba tabibu huyo, bila kipimo wala darubini, aliiona nyama inayooza kuwa ni sehemu ya maradhi ya mkojo mtamu, ilhali kiini cha kuoza huko ni damu isiyofika na mishipa ya fahamu iliyokufa, jambo lililochukua karne nyingi kuthibitishwa.

Uthibitisho ulianza wakati uleule misafara ilipokuwa katika kilele chake. Mwaka 1856, mwaka mmoja kabla Burton hajaingia Kaze, tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow alitangaza kwamba ugumu na unene unaoonekana katika kuta za ateri, yaani mishipa inayochukua damu kutoka moyoni, si takataka iliyoganda tu, bali ni kazi ya uvimbe, kwa maana ya moto ule ambao mwili huuwasha wenyewe unapojitetea dhidi ya jeraha. Wengi hawakumwafiki. Mwaka 1912 reli ya kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora, na mwaka uliofuata, huko Petersburg, tabibu wa Kirusi Nikolai Anitschkow akawalisha sungura lehemu safi, ndiyo kolesteroli, iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na ateri zao zikajaa mafuta mfano wa ateri za wazee. Tangu hapo wataalamu wakagawanyika kwa muda mrefu: hawa wakasema maradhi ya ateri ni mafuta, na wale wakasema ni uvimbe, na ikawa kila upande umeishika nusu ya kweli.

Kwa Tabora, reli ilikuwa na maana zaidi ya biashara. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache, na mzigo uliobebwa na bega la mtu ukabebwa na behewa. Upagazi, ambao kwa vizazi viwili ulikuwa chuo cha miguu ya Wanyamwezi, ukaanza kufa. Vita Kuu ya Kwanza ikaufufua kwa ukatili, watu wakachukuliwa kwa maelfu kubeba vyakula na risasi, mpaka Wabelgiji walipoitwaa Tabora mwezi wa Septemba 1916. Na vita ilipokwisha upagazi ukaenda zake. Hakuna mwenye akili atakayeulilia. Lakini mwili wa mwanadamu haukupewa habari kwamba njia imebadilika, nao ukaendelea kuweka akiba kama kwamba kesho kuna Ugogo wa kuvuka.

Mwezi wa Januari 1922, mwaka ambao Tanganyika iliwekwa rasmi chini ya udhamini wa Waingereza, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa akifa kwa kisukari mjini Toronto, alidungwa sindano ya insulini, akaishi. Kabla ya siku hiyo mtoto mwenye kisukari alikufa katika muda wa miezi au miaka michache, damu yake ikigeuka tindikali na yeye mwenyewe akizimia. Baada ya siku hiyo akaweza kufika utu uzima. Elliott Joslin wa Boston, aliyewatibu wagonjwa wa kisukari tangu kabla ya insulini, aliishi kuyaona mageuzi hayo kwa macho yake: kuzimia kukapungua, na mahali pake pakachukuliwa na moyo, ubongo, figo na miguu. Dawa haikuleta maradhi ya mishipa. Iliwapa watu umri wa kutosha kuyafikia.

Hapa ni lazima kueleza yatendekayo ndani ya mwili. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, haina kazi ya sukari tu. Ni mlinzi pia wa ghala la mafuta. Inapokuwapo kwa kiasi na mwili ukaitii, mafuta hukaa ghalani. Inapopungua, au mwili unapokaidi amri yake kama ilivyo kwa wengi wenye kisukari cha ukubwani, mafuta hutoka ghalani bila ruhusa, yakaenda katika ini, na ini likayafunga na kuyarudisha katika damu kwa umbo la trigliseridi. Wakati huohuo lehemu njema, ile inayookota mabaki na kuyarejesha ini, hupungua, na lehemu mbaya hugeuka chembe ndogo nzito zinazopenya kwa urahisi. Kwa mgonjwa ambaye hali yake imeharibika sana jambo hili huonekana hata kwa macho: damu yake ikitolewa ikaachwa itulie katika kichupa, maji yanayosimama juu, ambayo kwa mtu mzima wa afya ni maangavu yenye umanjano, huwa meupe kama maziwa.

Chembe hizo zikisha kupenya utando laini ulio ndani ya ateri, ambao sukari nyingi imekwisha kuudhuru, hunasa ukutani na kuharibika. Mwili huziona kuwa ni adui, hutuma seli nyeupe za ulinzi kuzimeza, na walinzi hao hushiba mafuta hata wakafa palepale, wakaita wenzao, na wenzao wakaita wengine. Huu ndio uvimbe alioutaja Virchow, na haya ndiyo mafuta aliyoyaona Anitschkow. Ni jambo moja lenye ncha mbili. Ukuta hunenepa kwa miaka mingi bila maumivu, kisha siku moja kovu lililoyafunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake, na mshipa huziba. Ukiwa ni mshipa wa moyo, ni shtuko la moyo; ukiwa ni wa ubongo, ni kiharusi; ukiwa ni wa mguu, kidonda hakiponi.

Turudi katika njia yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Urambo, nchi iliyokuwa ya Mtemi Mirambo, magharibi ya Tabora, iligeuzwa kuwa mojawapo ya mahali patatu pa mpango mkubwa wa karanga, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Sababu ya mpango huo ilikuwa mafuta: Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na dhiki ya mafuta ya kupikia, na watu wake wakitamani siagi na majarini. Mamilioni ya pauni yalitumika, matrekta yakavunjika juu ya visiki na udongo mgumu, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Katika mashamba ya Urambo ikaja kustawi tumbaku, ambayo nayo ni adui wa ateri, kwa maana moshi wake huudhuru utando uleule unaodhuriwa na sukari. Mwaka 1948, wakati matrekta yalipokuwa yakinguruma Urambo, huko Marekani ulianzishwa uchunguzi wa mji wa Framingham, uliowafuata watu kwa miongo, nao ndio uliokuja kuonyesha kwa hesabu kwamba lehemu, shinikizo la damu, tumbaku na kisukari huuandama moyo kwa pamoja, na kwamba mwenye kisukari hupatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko jirani yake asiye nacho.

Je, Afrika ya Mashariki ilikuwa wapi katika elimu hiyo? Ilikuwa katikati. Tabibu Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 kisha akafanya kazi miaka mingi Mulago, Uganda, alistaajabu kwamba maradhi ya moyo yaliyowaua watu wa kwao hayakuonekana kwa Waafrika aliowatibu. Ilimchukua hadi mwaka 1956 kuandika, pamoja na mwenzake Singh, habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo. Mwaka 1959 Shaper na Jones walipima lehemu ya Waafrika na Wahindi wa Uganda, wakakuta ya Waafrika ni ndogo sana na ya Wahindi ni kubwa, na maradhi ya moyo yakifuata mgawanyiko huohuo. Watu waliishi mji mmoja na kunywa maji mamoja, lakini vyakula vyao na kazi zao zilikuwa mbali.

Kisha akaja Mmarekani George Mann, aliyewachunguza Wamasai wa Tanganyika katika miaka ya 1960. Akawaona wanakunywa maziwa na kula nyama kwa wingi, na hata hivyo lehemu yao ilikuwa ndogo na moyo wao imara. Mwaka 1972 alitoa habari za mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokufa: kuta za ateri zilikuwa na mafuta, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana hata damu ikapita bila kizuizi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2010, Julius Mbalilaki na wenzake walitoa kipimo kilichofafanua siri hiyo: Wamasai walitumia kila siku kalori 2,565 juu ya zile zinazotakiwa na mwili uliopumzika, wakulima wa vijijini 1,500, na watu wa mjini 891. Ni mwendo, basi. Mchunga ng'ombe wa nyika na mpagazi wa Unyamwezi walikuwa na kinga moja, na kinga hiyo ilikaa miguuni.

Sura iliyo muhimu kuliko zote iliandikwa nchini mwetu. Katika miaka ya 1980, katika hospitali ya Muhimbili, Profesa Donald McLarty, daktari Andrew Swai na wenzao walianza kuwahesabu wagonjwa wa kisukari kwa utaratibu ambao nchi nyingi za Afrika hazikuwa nao. Tangu mwaka 1981 hata 1987 waliwafuata wagonjwa wapya 1,250, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1990, yalikuwa ya huzuni: wengi walikufa kwa damu kugeuka tindikali na kwa maambukizo, yaani kwa vifo ambavyo insulini na usafi wa tiba vingeviepusha. Mwaka 1985 Chama cha Kisukari Tanzania kiliundwa, ili mgonjwa asiwe peke yake na ili dawa idaiwe kwa sauti moja.

Madaktari hao hawakukaa hospitalini tu. Walikwenda vijijini, Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na katika kila kijiji kazi ilikuwa ni ile ile: mwanakijiji alifika asubuhi hajatia kitu kinywani, akatolewa damu, akapewa maji yenye gramu 75 za glukosi akayanywa, akaketi akingoja kwa saa mbili, kisha akatolewa damu tena. Mwaka 1989 wakatangaza kwamba wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Mwaka 1993 wakaongeza habari ya mafuta: lehemu ya wanavijiji kwa jumla ilikuwa ndogo, unene ulikuwa haba, na dalili za kuandamwa na maradhi ya moyo zilikuwa chache. Katika Mara walichunguza pia dhana kwamba sumu ya muhogo ndiyo iletayo kisukari, wakakuta jamii iliyokula sana muhogo huo haikuzidi wengine kwa kisukari. Na dhana hiyo ikaanguka.

Lakini palikuwa na onyo karibu nao. Mwaka 1991 Kaushik Ramaiya na wenzake waliwapima watu 1,147 wa jamii saba za Kihindu mjini Dar es Salaam, wakakuta karibu mtu mmoja katika kumi ana kisukari. Watu walio tayari kusema kwamba hayo ni ya Wahindi tu walijibiwa mwaka 2000, uchunguzi wa Terence Aspray na wenzake ulipoweka kando kwa kando watu wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari, Kilimanjaro: wanaume wa mjini wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9 na wa kijijini asilimia 1.7, wanawake wa mjini asilimia 5.7 na wa kijijini asilimia 1.1. Mwaka huohuo Richard Walker na wenzake walionyesha, kwa kwenda nyumba kwa nyumba na kuwauliza wafiwa dalili za marehemu, kwamba watu wa Dar es Salaam, Hai na Morogoro walio katika umri wa kufanya kazi walikufa kwa kiharusi zaidi kuliko watu wa umri wao Uingereza. Kiharusi ni maradhi ya mishipa. Kumbe mishipa ya Watanzania ilikuwa imekwisha kuanza kuumia ilhali wengi bado wakidhani ni maradhi ya Wazungu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulichapishwa mwaka 2010, Nigel Unwin na wenzake walipowafuata watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, wanaume 79 katika mia walifanya kazi nzito za mwili. Mwaka mmoja baadaye walibaki 26. Wanaume na wanawake waliongezeka zaidi ya kilo mbili kila mmoja kwa wastani, na kwa wanaume lehemu ikapanda, ingawa trigliseridi zilishuka. Hawakubadili kabila, wala baba, wala mama. Walibadili mahali na kazi, na katika miezi kumi na miwili damu yao ikabadilika. Mabadiliko ambayo Tabora iliyapata kwa miaka mia, tangu mpagazi hata behewa na hata bodaboda, mtu mmoja mmoja aliyapata kwa mwaka mmoja. Haikuwa ajabu, basi, kwamba upimaji wa taifa zima wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyozidi kwa watu wazima asilimia 9.1, na lehemu iliyozidi kwa robo yao hivi.

Wakati huo tiba nayo ilikuwa imepiga hatua. Mjapani Akira Endo aligundua katika miaka ya 1970, ndani ya ukungu wa aina ya ule unaoota katika vyakula, dawa ya kwanza ya jamii ya statini, ambayo hulizuia ini lisitengeneze lehemu kupita kiasi. Mwaka 2004 uchunguzi ulioitwa CARDS, uliofanywa Uingereza na Ayalandi juu ya watu 2,838 wenye kisukari cha ukubwani ambao hawakuwa na maradhi ya moyo wala lehemu ya kutisha, ulionyesha kwamba dawa ya jamii hiyo ilipunguza mashtuko ya moyo, viharusi na mengine ya namna hiyo kwa asilimia 37, na uchunguzi ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa dhahiri. Mwaka 2017 Paul Ridker na wenzake, kwa dawa inayotuliza uvimbe bila kuigusa lehemu hata kidogo, walipunguza mashtuko ya moyo kwa watu waliokwisha kupatwa, ingawa dawa hiyo iliongeza vifo vya maambukizo. Virchow alikuwa amethibitishwa baada ya miaka 161. Na dawa nyingine ya uvimbe iliyofuata, kolchisini, iliyoonekana kuwasaidia wenye maradhi ya moyo, asili yake ni mmea ambao matabibu wa Kiarabu waliuita suranjan, na Ibn Sina aliujua kwa tiba ya jongo.

Sasa tukiitazama Gongoni kwa nuru ya yote haya, tunaona mji ambao sinia ya bwana wa Kaze imemfikia kila mtu, na mwendo wa mpagazi umemtoka kila mtu. Mafuta ya kupikia yapo katika kila duka, chipsi hukaangwa jioni kando ya barabara katika mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mara nyingi, soda hunywewa mahali pa maji, na bodaboda humchukua mtu sokoni na kumrudisha mlangoni. Hili si kosa la kumlaumu mtu. Kila jambo katika hayo lilikuja kama nafuu, na watu waliotembea miezi mitatu kwa miguu wangelipokea kwa shukrani. Lakini nafuu isiyojulikana gharama yake ni deni, na wanaolilipa deni hili ni baba anayeamka mkono mmoja hauinuki, na mama ambaye kidonda cha kidole kidogo kinaishia kwa kukatwa mguu.

Kwa ajili hiyo mwenye kisukari asikubali kurudi nyumbani kwa kuambiwa namba ya sukari peke yake. Ana haki ya kuuliza, akiwa katika hospitali ya Kitete au katika zahanati ya karibu, shinikizo lake la damu ni kiasi gani, mafuta ya damu yake ni kiasi gani, figo zake zina hali gani, na avue viatu miguu yake itazamwe. Ana haki ya kuuliza kama dawa ya lehemu inamfaa hata kama hajapata maumivu ya kifua, kwa kuwa ateri huharibika miaka mingi kabla ya kulalamika. Na akisha kupewa asiiache kwa sababu anajiona mzima, maana kujiona mzima ndiko kunakokusudiwa. Mvutaji wa tumbaku na aache, ijapokuwa jani hilo limewalisha wengi katika mkoa wake. Kila aliye na miguu na aitumie kila siku, kwa kwenda shamba, sokoni au msikitini, mpaka jasho litoke. Nao wenye mamlaka ya dawa wakumbuke yaliyoonekana Muhimbili: mgonjwa aliyenusurika kwa insulini, kisha akanyimwa kipimo cha mafuta na kidonge cha kila siku, ameokolewa nusu.

Wazee wa Unyamwezi hawakuwa na kipimo, hawakuwa na kidonge, wala hawakujua jina la lehemu. Na bado, kwa taabu waliyoshurutishwa nayo, mishipa yao ilitunzwa. Sisi tumepewa ujuzi ambao wao hawakuwa nao, na sehemu kubwa ya ujuzi huo imetolewa katika damu ya watu wetu wenyewe, wa Mara, wa Morogoro, wa Kilimanjaro na wa Dar es Salaam, waliokubali kuketi wakiwa na njaa ili sisi tujue. Ni wajibu wetu kuutumia.